Kiingereza nacho kilikopa maneno ya mahakamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu mwanasheria aliyeandika hivi karibuni kwamba Kiswahili hakijawa tayari kutumika katika mahakama za juu, kwa kuwa msamiati wake wa sheria umeokotwa huku na kule, ilhali Kiingereza ni lugha iliyojitosheleza tangu asili yake. Juu ya ugumu wa kuandika hukumu kwa Kiswahili sina ugomvi naye. Nimefanya kazi katika masijala za mahakama za Kanda ya Ziwa hadi nilipostaafu, na najua jinsi kalamu inavyoweza kukwama. Ninalolipinga ni hilo la kujitosheleza. Katika lugha zote ambazo angeweza kuzitolea mfano, amechagua ile ambayo maneno yake ya mahakamani karibu yote yametoka kwa jirani, tena jirani aliyeingia kwa upanga.

Mwaka 1066, William, mtawala wa Normandy, ambaye sisi wa Usukumani tungemwita mtemi bila kukosea sana, alivuka bahari kutoka Ufaransa, akamshinda Mfalme Harold wa Uingereza karibu na Hastings tarehe 14 Oktoba, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo akavikwa taji Westminster. Watu aliokuja nao walizungumza Kifaransa cha kwao. Waligawiwa ardhi, wakashika uaskofu, wakakalia viti vya hukumu. Mkulima wa Kiingereza aliendelea kuzungumza lugha yake shambani na jikoni, lakini alipofikishwa mbele ya wakubwa alikuta shauri lake likibishaniwa kwa Kifaransa na kuandikwa kwa Kilatini, na yeye mwenyewe amesimama katikati kama mgeni katika nchi ya babu zake.

Hali hiyo haikudumu kwa miaka michache tu, na ndiyo maana maneno yaliganda. “Judge” ni neno la Kifaransa, na ndilo lililotufikia sisi kama jaji. “Court” ni la Kifaransa, na mzizi wake wa Kilatini ulimaanisha ua, eneo lililozungushiwa uzio. Wazee wetu walilipokea wakasema korti, na mpaka leo mtu wa Igogo, hapa Mwanza, anayetaka kumtisha mdeni wake humwambia kwamba atampeleka kortini. “Jury” ni watu walioapishwa, kwa maana kitenzi cha Kifaransa kilichozaa neno hilo ni kile cha kuapa. “Verdict” ni maneno mawili yaliyoshikana, ukweli na kusema, yaani kilichosemwa kwa kweli. “Justice”, “evidence”, “plea”, “appeal”, “prison”, “crime”, “attorney”, yote ni ya mlango huohuo. Hata Bunge la Waingereza linaitwa kwa neno lililotokana na kitenzi cha Kifaransa cha kuzungumza, na muswada ukiridhiwa na mfalme, karani wa Bunge hilo hutamka hadi leo, kwa Kifaransa cha kizamani, kwamba mfalme ataka iwe hivyo. Mfanyabiashara wa Burundi au wa Kongo anayekuja kununua dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, ambaye amesomea Kifaransa na hajui Kiingereza, akifunuliwa hukumu ya Kiingereza atayatambua kwa macho maneno mengi mazito yaliyomo. Mwingereza wa mwaka 1060 asingetambua hata moja kati ya hayo niliyoyataja.

Kuna maneno ambayo hayakung'olewa, nayo yanaeleza mengi. Mwizi ameendelea kuitwa “thief”, wizi “theft”, na kiapo “oath”, yote ya Kiingereza cha asili. Hata “law”, jina la sheria yenyewe, halikuwa la Waingereza, bali waliliachiwa na mabaharia wa kaskazini waliowavamia kabla ya William. Sasa mwanasheria wetu na atazame upande wa pili. Mwizi ni Kibantu, kiapo ni Kibantu. Sheria, hakimu, mahakama, hukumu, shahidi, wakili, dhamana na rehani tumeyapata kutoka Kiarabu. Waziri vilevile, na serikali ni ya Kiajemi. Kijiji, kwa maana hiyo, kilikuwa na wezi na viapo vyake kabla mtu yeyote hajaleta daftari. Aliyeleta daftari ndiye aliyeleta na majina ya ofisi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwao, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Iwapo jambo hili ni kasoro, basi ni kasoro ya lugha zote mbili, wala haiwezekani moja ikasifiwa kwa utajiri na nyingine ikalaumiwa kwa umaskini.

Niruhusu, Mhariri, nikae kidogo kwenye neno moja ambalo Msukuma yeyote atalifurahia. Kilatini kilikuwa na neno lililotokana na kichwa, likamaanisha mali ya msingi, rasilimali. Watu wa Normandy walilitamka kwa sauti ya k mwanzoni, na katika kinywa cha Waingereza likawa “cattle”. Lilipoingia lilimaanisha mali ya kila namna, lakini kadiri miaka ilivyopita likajibana likawa ng'ombe tu, kwa sababu kwa mkulima wa wakati ule mali iliyoonekana kwa macho ilikuwa hiyo. Neno lilelile, katika matamshi ya sehemu za Paris yaliyoanza kwa ch, liliingia kwa mlango mwingine likawa “chattel”, ambalo wanasheria hulitumia hadi leo kwa mali inayohamishika. Na Kilatini chenyewe kikatoa “capital”, mtaji. Kwa hiyo ng'ombe, mali inayohamishika na mtaji ni ndugu wa tumbo moja. Aliyewahi kusikiliza mashauri ya mahari katika Mahakama ya Mwanzo huko Misungwi au Kwimba, ambako wazee hutaja idadi ya ng'ombe na rangi zao kwa uhakika ambao mhasibu angeuonea wivu, hatahitaji kuelezwa kwa nini maana hizo tatu zilikaa pamoja.

Tofauti hiyo ya Normandy na Paris ndiyo iliyowapa Waingereza tahajia mbili za jela. Katika nyaraka za kikoloni utaikuta imeandikwa “gaol”, na katika vitabu vya sasa “jail”. Ya kwanza inafuata Normandy, ya pili inafuata Paris, na zote mbili zinatokana na neno la Kilatini lililomaanisha kizimba kidogo, kama cha ndege. Kwetu ikawa jela. Tunalo pia gereza, ambalo ni neno la Kireno lililomaanisha kanisa, na sitaingia katika habari ya jinsi kanisa lilivyogeuka kuwa lindo la wafungwa.

Polisi nao wamebeba Kifaransa mabegani. Konstebo, ambaye hapa kwetu ndiye askari wa cheo cha chini kabisa, zamani alikuwa mkuu wa banda la farasi la mfalme. Sajini, ambaye humwamrisha konstebo, jina lake lilimaanisha mtumishi tu. Na jeshini, luteni ni yule anayeshika nafasi ya mwingine. Habari ya jikoni, ambayo kila mwalimu wa Kiingereza huisimulia, kwamba ng'ombe akiwa hai huitwa kwa Kiingereza, “cow”, na akiwa sahanini huitwa kwa Kifaransa, “beef”, kwa sababu Mwingereza alichunga na mtu wa Normandy akala, ina ukweli ndani yake, ila imepambwa. Kwa karne kadhaa Waingereza walitumia maneno hayo ya Kifaransa hata kwa wanyama walio hai, na mgawanyo ulio safi kama wa leo ulikuja baadaye. Mwandishi Walter Scott ndiye aliyeieneza hadithi hiyo katika riwaya yake ya Ivanhoe, mwanzoni mwa karne ya 19, na riwaya nzuri huwa haisahihishwi kwa urahisi.

Nikirudi mahakamani, neno ninalolipenda kuliko yote ni “culprit”, yaani mkosaji, kwa sababu lilizaliwa masijalani. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya. Mshitakiwa alipokana kosa, karani wa upande wa mfalme alijibu kwa Kifaransa kwamba mtu huyu ana hatia, nami niko tayari kuthibitisha. Maneno hayo yalirudiwa katika kila shauri, na karani, kama makarani wote wa dunia hii, alichoka kuyaandika kwa ukamilifu. Akayafupisha: silabi moja ya “ana hatia” kwa Kifaransa, yaani “cul”, nukta, na silabi moja ya “tayari”, yaani “prit”. Waliokuja nyuma yake wakasoma vifupisho vile viwili kama neno moja, wakadhani ndilo jina la mtu anayeshitakiwa. Nami nimeona katika majalada yetu vifupisho vya mkono ambavyo, vingepewa karne mbili, vingeweza kupata watoto wa namna hiyo.

“Mortgage” nayo ni ya kutazamwa, maana wengi wa wasomaji wako wameweka nyumba zao benki kwa masharti ya neno hilo. Ni maneno mawili ya Kifaransa, kufa na dhamana: dhamana iliyokufa. Jaji Edward Coke, aliyeandika katika karne ya 17, alieleza kwamba mkopaji asipolipa, ardhi inakufa kwake, na akilipa, dhamana inakufa kwa mkopeshaji. Sisi tunasema rehani, na sijapata kusikia mkopaji wa Mwanza aliyeshindwa kuelewa tangazo la mnada kwa sababu rehani ni neno la Kiarabu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mwanasheria yule angepaswa kulifikiria kabla ya kuandika. Waingereza walijitoaje katika Kifaransa cha mahakamani? Wafalme wao walikuwa wameipoteza Normandy tangu mwaka 1204, na mpaka kufikia katikati ya karne ya 14 hata watoto wa wakubwa walikuwa wanajifunza Kifaransa kama lugha ya kigeni. Mwaka 1362, chini ya Mfalme Edward wa Tatu, ilitungwa sheria iliyoagiza mashauri yasemwe kwa Kiingereza, na sababu iliyotolewa ni kwamba watu wanaoshitaki na kushitakiwa hawaelewi kinachosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao, kwa kuwa Kifaransa hakijulikani vya kutosha katika nchi. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Nalisema hili kwa kuwafariji wale wanaotucheka kwamba vikao vyetu vya kuhimiza Kiswahili huwa na mialiko ya Kiingereza.

Mawakili hawakutii, angalau katika maandishi. Waliendelea kuandika Kifaransa chao kwa zaidi ya miaka 300 baada ya sheria ile, kikizidi kuchakaa mwaka hata mwaka, mpaka kikawa mchanganyiko ambao Mfaransa asingeuelewa na Mwingereza asingeuelewa. Mfano mashuhuri ni wa Salisbury, mwaka 1631. Mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa alimrushia jaji kipande cha tofali, kikamkosa kidogo tu. Akakatwa mkono wa kuume, na yeye mwenyewe akanyongwa papo hapo mbele ya mahakama. Tukio hilo la kutisha limeandikwa katika kumbukumbu za kisheria kwa sentensi yenye viunganishi vya Kifaransa, mkono wa Kilatini, na tofali la Kiingereza. Ukiisoma leo hujui ucheke au umwonee huruma yule mtu. Lakini ndugu zangu mawakili, nawaomba mjisikilize mnapowasilisha pingamizi la awali katika mahakama zetu, mkianza sentensi kwa Kiswahili, mkaipitisha Uingereza, mkaimalizia kwa Kilatini. Mwandishi wa Salisbury angewatambua kama wajukuu wake.

Ilipotungwa sheria nyingine mwaka 1650, baada ya mfalme kuondolewa, ikaagiza Kiingereza kitumike, ilifutwa wafalme waliporudi mwaka 1660. Ni sheria ya mwaka 1731, iliyoanza kutumika mwaka 1733, ndiyo iliyofunga mjadala, na wapo walioipinga kwa hoja ambayo nimeisoma tena, neno kwa neno karibu, katika gazeti lako: kwamba istilahi za sheria zina maana mahususi katika lugha ile ya zamani, na zikihamishwa zitapoteza makali yake. Walichokifanya Waingereza kilikuwa rahisi. Walibadili lugha, wakabaki na maneno. Sentensi ikawa ya Kiingereza, na ndani yake “judge”, “jury”, “verdict” na “mortgage” wakaketi kama walivyokuwa. Hakuna aliyesubiri kwanza kupatikana kwa neno la Kiingereza cha asili kwa kila istilahi. Wangesubiri, mpaka leo wangekuwa wanahukumiwa kwa Kifaransa.

Hapa Tanzania Mahakama za Mwanzo zimefanya kazi kwa Kiswahili miaka yote. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zote, huku ikiachwa nafasi ya Kiingereza pale maslahi ya haki yanapodai. Wala hatukuanzia patupu. Katika ufuo huuhuu wa ziwa, Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Kanda ya Musoma, alikwisha kuandika uamuzi kwa Kiswahili kabla marekebisho hayo hayajapita, na Februari ya mwaka huohuo Rais John Magufuli alimteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Uamuzi ule ulisomeka, na mbingu hazikuanguka.

Ninajua hali ilivyokuwa kabla ya hapo katika mahakama zilizo juu ya zile za Mwanzo kwa sababu niliiona kila siku dirishani. Shauri lilisikilizwa kwa Kiswahili, kwani hakimu, shahidi, mdai na mdaiwa wote walikijua, na pale mzee alipokuwa na Kisukuma peke yake palikuwa na mkalimani. Hakimu alisikia Kiswahili, akaandika Kiingereza kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Mwisho wa yote mwananchi alikuja masijalani, akalipia nakala yake ya hukumu, akapewa karatasi zenye mhuri, akazigeuza juu chini, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama ameshinda au ameshindwa. Wengine hawakuniuliza. Walizikunja wakaenda nazo stendi ya zamani kutafuta kijana wa sekondari awasomee, na kijana akasoma alichokielewa. Muda wa kukata rufaa ulihesabiwa kuanzia siku ya hukumu, si kuanzia siku ambayo mzee alielewa kilichoandikwa. Wale waliotunga sheria ya mwaka 1362 waliwaelezea watu hawa bila kuwaona.

Mwanasheria wetu alitoa mfano wa neno moja, akadai kwamba halitafsiriki, na kwamba hilo peke yake latosha kuonyesha ufinyu wa Kiswahili. Neno hilo ni “estoppel”, yaani ile kanuni inayomzuia mtu kukana mahakamani jambo ambalo yeye mwenyewe, kwa kauli au kwa tendo, alikwisha kulikiri na mwenzake akalitegemea. Si la Kiingereza. Ni la Kifaransa cha zamani, na lilimaanisha kizibo, kama cha pipa. Kizibo hicho kilipata jina kutokana na nyuzi za kitani ambazo watu wa zamani walizisokomeza penye tundu au ufa. Mwanasheria angeteremka siku moja kwa mafundi wa mitumbwi ufuoni Kirumba angeiona kanuni yake ikifanywa kwa mikono: fundi amechuchumaa ubavuni mwa mtumbwi, ameshika patasi butu na nyundo, anaisokomeza pamba kati ya ubao na ubao mpaka maji yasipate njia. Watu wa pwani huita kazi hiyo kukalafati, na huku kwetu twasema tu kuziba. Mtu aliyekiri amejiziba. Hawezi tena kupita hapo. Tukitaka kuiita kanuni ya kizibo, tutakuwa tumefanya kilekile alichofanya yule Mfaransa aliyechukua neno la kizibo cha pipa akalipeleka kortini. Tukitaka kuiita estopeli, kama tulivyoita korti na jaji, tutakuwa tumefanya kilekile alichofanya Mwingereza. Mimi naona kizibo kinaeleweka zaidi, lakini hilo waliamue wanaofundisha sheria na wenzao wa Baraza la Kiswahili la Taifa.

Namwomba basi mwanasheria huyo, kupitia gazeti lako, aorodheshe istilahi anazodai hazina Kiswahili, hata zikiwa 100, nawe Mhariri uzichapishe kidogo kidogo katika ukurasa huu, ili makarani, mawakili, walimu na mafundi wa mitumbwi wapendekeze wanachokitumia. Nina hakika kwamba kwa zaidi ya nusu ya orodha hiyo makarani wa Mahakama za Mwanzo watajibu wiki hiyohiyo, kwa kuwa wamekuwa wakiyaandika mambo hayo kwa Kiswahili siku zote na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Karani mstaafu wa mahakama,
Nyegezi, Mwanza.